Kwa Kadhi wa Shuka, Mahajanga

Lakini hujazeeka, mjomba wangu mpendwa, na hilo neno ulilolitia mwishoni mwa barua yako silikubali. "Nimezeeka. Mwisho wa mwezi naacha kusimulia." Basi, hivyo tu? Mtu aliyewasimulia watu wa Mahajanga picha tangu sinema ilipoingia mjini anaaga kwa mstari mmoja, kisha mstari unaofuata anauliza kama mvua imeanza huku Nosy Be!

Imeanza. Inanyesha asubuhi, halafu jua linatoka, na mashamba ya langilangi yananukia hata mtu akinywa maji anahisi anakunywa maua. Mke wangu Mwanaesha yuko uani anakuna nazi na kuimba wimbo ambao maneno yake hayajui. Anayatunga mwenyewe, na kila akikwama anacheka. Nami nimekaa mlangoni na kalamu, nikijidai nimeshughulika. Mjomba, sikujua kwamba mtu anaweza kuamka kila siku na hamu ya kumwona mtu aliyelala naye chumba kimoja. Akijitanda saluva yake na kuitupia ncha begani, nasahau nilikuwa nasema nini. Akiniita nikale, naenda mbio kama nimeitwa na gavana.

Unaona? Nimekaa kuandika barua ya kukuomba radhi, na tayari nimekwisha kuisifu furaha yangu. Ndivyo nilivyo siku hizi. Furaha inanijaa, halafu katikati yake nakuona wewe umesimama ukingoni mwa shuka ya picha, umeinamisha kichwa usikilize, na hapana anayekunong'oneza.

Hukuniandikia sababu ya kuacha. Aliyeniambia ni Salimu, yule baharia anayelilinda sanduku la picha melini. Nilimkuta juzi hapa gatini Andoany.

"Bwana harusi! Umenenepa," alisema. "Mjomba wako amekonda."

"Anaumwa?"

"Anaumwa na picha. Hujasikia? Kadhi kawafanya ndugu."

"Kawafanya nani ndugu?"

"Yule bwana wa kofia ndefu na yule bibi wa manyoya shingoni. Kasema ni kaka na dada, walipotezana utotoni, leo Mungu kawakutanisha. Watu wakalia, wallahi, hata mimi nilitoa chozi. Kisha kaka akamkamata dada, akambusu."

Salimu alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku. Alisema wazee waliinuka wakatoka, wanawake walipiga kelele upande wao, mtu mmoja akarusha ganda la chungwa, na mwenye ukumbi akakupa muda mpaka mwisho wa mwezi: upate mtu wa kukusomea maandishi, au yeye atafute msimulizi mwingine. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba kosa lile halikuwa lako. Mwenye kazi ya kukwambia kwamba wale si ndugu alikuwa huku, kisiwani, anakula wali wa nazi.

Nakuandikia kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kwa Kiswahili cha babu, ingawa tukikaa tunazungumza Kingazija, na ukumbini ulisimulia Kisakalava ili kila mtu apate chake. Ulikuwa ukisema mambo mazito yaandikwe kwa lugha iliyovaa kanzu. Basi hii nimeivisha.

Unakumbuka siku uliyoniazima kwa mama? Nilikuwa nimetoka shuleni na cheti changu cha Kifaransa, na mama alikwisha kuniona nimekaa mezani katika ofisi ya serikali, na wino mfukoni. Ukaja na suruali ya mteja begani, umetoka moja kwa moja kwenye cherehani, ukasema, "Dada, niazime macho ya huyu. Picha zinaandikwa Kifaransa, nami Kifaransa nakijua kwa kusikia tu."

"Nimemsomesha awe karani," mama alisema, "wewe unataka awe mnong'onaji!"

"Awe karani mchana. Jioni nipe mimi."

"Na nani atamwoza binti yake kwa mnong'onaji?"

"Mjomba wake si mimi? Hilo niachie."

Maneno hayo ya mwisho, mjomba, nayasikia kila siku. Kwetu mjomba ndiye anayesimama mbele ya watu mpwa wake anapooa, nawe ulikwisha kuitaka kazi hiyo kabla hata sijaota ndevu vizuri.

Jioni zile za ukumbini, mtaa wa Mahabibo, zote zimo kichwani mwangu. Tulifika kabla ya watu, tukailowesha shuka kwa ndoo za maji ili mwanga upenye, kwa sababu wanaume walikaa mbele yake na wanawake nyuma yake. Picha ilikuwa moja, ila wanawake waliiona imegeuka, mkono wa kulia umekuwa wa kushoto, na maandishi yanakwenda kinyume. Wewe ulisimama ukingoni na bakora yako, ili sauti yako ifike pande zote mbili. Mimi nilichutama miguuni pako. Maandishi yakitokea nilinong'ona maneno matatu manne, nawe ukayachukua ukayafanya kisa kizima. Mimi nikisema, "Anamdai baba yake haki," wewe unasema, "Tazameni mtoto huyu, alivyokonda! Amekuja kwa baba yake kwa miguu, na baba anaangalia pembeni kama hamjui!" Na watu wanamzomea yule baba kana kwamba anaishi mtaa wa pili, Tanambao.

Taabu yetu ilikuwa mapenzi. Picha za vazaha, hao Wazungu, haziishi bila watu kubusiana, na pale ukumbini mtu amekaa bega kwa bega na baba mkwe wake, na nyuma ya shuka binti yuko karibu na mama wa mumewe. Msimulizi mwingine angeziba taa kwa kofia. Wewe uliwaoza. Nikikunong'oneza kwamba bwana yule anampenda bibi yule, ulijua muda ni mfupi. Uliinyanyua bakora.

"Ngojeni! Kadhi amefika. Yuko nje ya picha, nyinyi hamumwoni, mimi namwona. Mahari imekubaliwa. Mashahidi wapo?"

"Tupo!" ukumbi mzima ukaitika.

"Bibi harusi karidhika?"

Nyuma ya shuka vigelegele. Ndipo ukaishusha bakora taratibu. "Haya. Nyumba ni yao." Na wale watu wakabusiana, halali kabisa, na hakuna mkwe aliyemwonea haya mkwewe. Kuanzia hapo mji mzima ukakuita Kadhi wa Shuka, na kadhi mwenyewe, yule wa kweli, alikuja siku moja akaketi mbele, akaitika "Tupo!" kwa nguvu kuliko wote.

Ili uwaoze kwa wakati ulipaswa kujua nani ni nani kwa nani. Kukujulisha hilo ilikuwa kazi yangu, na sikuwa na nyingine.

Tukirudi nyumbani ulinifundisha kazi, nami sikujua kwamba nafundishwa. Nilidhani unaongea tu kwa sababu bado umejaa maneno. "Mimi siangalii picha," ulisema. "Naangalia midomo. Midomo ikiwa wazi, nanyamaza, picha inafanya kazi yake. Ikifumbwa, naingia." Ulimletea fundi wa mashine kipande cha mkate wa sinia kila tulipokwenda, na nilipokuuliza kwa nini yeye na si mwenye ukumbi, ulijibu, "Mwenye ukumbi akinikasirikia, nitakosa kazi kesho. Fundi akinikasirikia, nitasimulia giza leo."

Na ulilisimulia giza! Ile siku ukanda wa picha ulipokatika, bibi harusi yuko juu ya farasi, na fundi anahangaika na gundi yake. Watu wakaanza kupiga viti. Ukasema, "Farasi amechoka, anakunywa maji. Bibi naye ameshuka, anajikung'uta vumbi. Anauliza, je, watu wa Mahabibo wako wapi, mbona siwaoni?" Mzee mmoja akajibu kutoka viti vya mwisho, "Mwambie tuko hapa, aje tumpe chai!" Mkaongea hivyo, wewe na yeye na bibi wa gizani, mpaka taa ikarudi, na watu wakasikitika kwamba imerudi. Njiani uliniambia, "Picha wameilipia wote. Lakini mtu akirudi tena kesho, anarudi kwa ajili ya alivyotendewa ilipokatika."

Ulinifundisha pia kwa kukosea. Ulimpa yule mwivi wa kwenye picha sauti ya karani wa kodi, ukumbi ukavunjika kwa kicheko, na karani mwenyewe yumo, kiti cha tatu. Kesho yake uliitwa. Ulirudi umetulia, ukaketi kwenye cherehani. "Nimemwambia ilikuwa sauti ya shemeji yangu," ulisema. "Ameniamini, kwa sababu naye ana shemeji." Kisha hukutania tena kwa namna ile. "Ninayemcheka lazima awe mbali au awe mimi," ulisema, na tangu hapo kila mjinga wa picha akapewa jina lako.

Na cherehani. Hukuiacha hata mwaka ule ukumbi ulipojaa mpaka watu wakakaa madirishani na mwenye ukumbi akakubembeleza uwe wake mchana na jioni. "Sauti yangu anayo yeye jioni," ulisema. "Mikono nimejibakizia." Nilikuona mwoga. Sasa nakuelewa, kwa kuwa mwenye ukumbi amekupa mwezi mmoja, na cherehani haijakwambia neno.

Wazo la kunileta Nosy Be lilikuwa lako, nalo lilikuwa zuri. Uliona kwamba meli inatoka kaskazini, inashusha sanduku hapa kwanza, watu wa Andoany wanazitazama picha, ndipo sanduku linakuja kwenu. "Nenda ukazione mapema," uliniambia. "Rudi nazo. Tutajua kila kitu kabla ya Mahajanga nzima. Nitawaoza kabla hata hawajakutana!" Ulicheka mwenyewe kwa furaha. Ukanishonea shati jipya la safari.

Nilikuwa nimelivaa shati hilo, mjomba, jioni ile. Shuka imeloweshwa, maandishi yametokea, na kabla msimulizi wa hapa hajafungua kinywa, mtu mmoja nyuma ya shuka akacheka. Peke yake. Kicheko safi, kifupi, kama mtu aliyemwagiwa maji kidogo shingoni. Kisha msimulizi akaeleza, na ukumbi wote ukacheka, umechelewa. Maandishi ya pili, vilevile. Nikajiuliza, ni nani huyo anayesoma Kifaransa kinyume, gizani, kupitia kitambaa kilicholowa? Nilihama kiti changu. Nikaenda kuchutama ukingoni, mahali ambapo pangekuwa pangu kama ungekuwa wewe unasimulia, na maandishi yaliyofuata nikayanong'ona kwa mazoea, peke yangu: "Anamwambia atarudi."

Sauti ikatoka upande wa pili, karibu na sikio langu. "Sivyo. Amesema hatarudi kamwe. Soma vizuri."

Hilo ndilo neno la kwanza mke wangu aliloniambia. Mimi mwenye cheti! Nilicheka, naye akacheka, shuka ikatikisika, na watu wa mbele wakasema tutulie. Niliporudi nilikolala sikupata usingizi, nikijisemea, kuna mtu duniani anayefika kwenye kicheko kabla yangu.

Meli iliondoka na sanduku. Nilimwambia Salimu akwambie naja na meli inayofuata. Ile inayofuata ikaja, nikamwambia vilevile. Juzi gatini nilimuuliza ulikuwaje siku ile ya kwanza, meli ilipofika bila mimi, na hakutaka kusema, nikamshika mkono mpaka akasema. Kwamba ulikuja na kanzu safi. Kwamba uliwatazama watu wakishuka mpaka ngazi ikaondolewa. Kwamba sanduku lilipowekwa miguuni pako, uliuliza tu, "Ni hili tu?" ukaliinua mwenyewe.

Mjomba, sijui niliweke wapi hilo. Nimekaa nalo tangu juzi. Ningeelewa ungenitukana.

Halafu ndoa. Bibi yake Mwanaesha, kule Ambanoro, alitaka tuoane kabla ya mwezi wa Ramadhani. Ningeweza kumwomba. Ningeweza kungoja meli moja, nawe ungekuwemo. Meli moja tu! Lakini nilikuwa na haraka kama mtu anayeogopa picha itakatika, nikakuandikia barua ambayo nilijua itakufikia baada ya pilau kuliwa. Mzee mmoja wa msikitini, mtu mwema, alikaa mahali pako. Kadhi alipouliza mashahidi, walijibu kwa adabu, kwa sauti ndogo, na mimi nikawa nasubiri ukumbi wa Mahabibo uitike. Haukuitika. Wewe uliyewaoza watu wote wale, weupe, wageni, hata wasiojua kwamba wameozwa, hukumwoza mpwa wako. Na kwenye barua yako hukusema lolote juu ya hilo ila "Mungu awabariki." Umeniombea, nami nimeona haya kusema amina.

Bado lipo moja, nalo nataka ulisikie kwangu, si kwa Salimu. Msimulizi wa hapa amehamia mjini Diego kwa mwanawe, na mwenye ukumbi wa Andoany ameniomba nisimame mimi. Nimesimama. Juma lililopita. Sikukuomba ruhusa. Bwana na bibi wa kwenye picha walipoanza kusogeleana, mkono wangu ulipanda wenyewe, nikasikia mdomo wangu unasema, "Ngojeni! Kadhi amefika." Kwa sauti yako, mjomba, hata kule kukohoa kidogo kabla ya mashahidi. Watu walishangilia mpaka wakakanyaga viti. Nami nilitamani kujificha nyuma ya mashine.

Nyumbani sikula. Mwanaesha aliniangalia.

"Wamefurahi. Mbona umenuna?"

"Nimevaa kanzu ya mtu."

"Basi irudishe."

"Haitoki. Imeingia mwilini."

Akafikiri kidogo, akipangusa sinia. "Basi twende ukamwonyeshe mwenyewe jinsi ilivyokukaa. Akisema uivue, utaivua." Kisha akasema, "Na mimi sijamsalimu mjomba wangu. Bibi harusi gani asiyemjua mtu aliyepaswa kumpokea?"

Nimeona aibu kwamba yeye ndiye aliyelisema. Lakini ndivyo alivyo, daima hunitangulia.

Kwa hiyo sikiliza, na usinibishie. Picha zote zinapita hapa kwanza. Kuanzia sanduku lijalo Mwanaesha atasoma, mimi nitaandika kwa herufi hizi unazozisoma sasa: yupi mume wa nani, yupi ndugu, yupi anadanganya, na ni wapi utawaoza. Salimu atakuta karatasi ndani ya kifuniko, atakupa gatini. Utazisoma mchana pale kwenye cherehani, na jioni hutahitaji mtu, kwa maana ulichokisoma hukisahau. Ndilo jambo uliloniagiza kufanya uliponishonea lile shati. Nimechelewa kulifanya, na yule aliyekutupia ganda la chungwa alipaswa kunitupia mimi.

Mwambie mwenye ukumbi hivyo, kabla hajamwita mtu mwingine. Asipoamini, mwambie aje ajionee wiki ya mwisho, kwa sababu sanduku la wiki hiyo tutalileta wenyewe. Mwanaesha atakaa nyuma ya shuka, ukingoni kabisa, karibu na bakora yako. Atakusomea kinyume, kupitia kitambaa, kama alivyonisomea mimi. Ameuliza kama ataruhusiwa kukusahihisha ukikosea. Nimemwambia utafurahi, lakini asicheke kabla ya wewe kusema, utachanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa.

Nina ombi. Picha ya sanduku hilo, alivyonisimulia Salimu, ina bwana mwenye masharubu na binti wa mwenye duka la maua, na mwisho wanakutana darajani. Watakaposogeleana, usiwaoze haraka. Waache wasubiri, wao wamekwisha kuozwa miji mingi. Nyanyua bakora, ututaje sisi kwanza. Uliza mashahidi. Uliza kama bibi harusi karidhika, atakujibu mwenyewe kutoka nyuma, na najua atajibu kabla hujamaliza kuuliza. Nataka nikusikie ukisema nyumba ni yetu. Baada ya hapo uniambie kama nisimulie huku au niache, nami nitafanya unavyosema, hata ikiwa ni kurudi kuchutama miguuni pako.

Mama usimwambie, atapika tangu leo. Wewe piga pasi kanzu yako tu. Kabla mwezi huu haujaisha utaiona meli yetu ikiingia. Sanduku likishushwa miguuni pako, usiulize kama ni hilo tu, wala usiliinue. Ngoja, ngazi isiondolewe kwanza. Tunashuka nyuma yake, na sanduku nitalibeba mimi.

Mpwa wako